Radi za Jiji la Mawe: shajara ya kihisi juu ya bati

Wiki ya 1

Mradi huu umeanzia kijiweni. Jioni moja tulikuwa kwenye benchi la kahawa hapa Mabatini, Mwanza, mawingu yamejipanga upande wa Igoma, na mzee mmoja anayeuza viatu vya mtumba akasema zamani radi zilikuwa za porini, siku hizi zimehamia mjini. Zinafuata minara ya simu. Kijana wa bodaboda akamjibu kwamba radi hazijaongezeka hata moja, walioongezeka ni watu wa kuzisimulia. "Zamani ikipiga Buswelu, mzee wangu, nani wa Mabatini angejua? Sasa video inafika kabla ya mvua." Wakacheka, wakahamia kwenye mpira.

Mimi sikuhamia. Nafundisha jiografia sekondari, na nilijua kwamba ubishi ule, karibu neno kwa neno, wanasayansi wameubishania kwa zaidi ya miaka hamsini. Swali langu basi ni hili: Mwanza, jiji lenye watu zaidi ya milioni moja kwa sensa ya 2022, linabadilisha radi zenyewe, au linabadilisha tu hesabu yake?

Nimeagiza chipu inayoitwa AS3935, ndogo kuliko punje ya mahindi. Ina koili iliyolengwa kwenye kilohezi 500. Kazi yake ni kusikiliza mkwaruzo ule ule unaousikia kwenye redio ya masafa ya kati mvua ikikaribia. Ikiusikia, inapima nguvu yake na kukadiria ukingo wa dhoruba uko umbali gani, hadi kilomita 40. Haisemi uko upande gani. Hilo nililisoma baada ya kulipa.

Kuhusu maneno, maana Kiswahili chetu hapa kina mtego: umeme ni wa mbinguni na umeme ni wa kwenye nguzo. Ndani ya shajara hii umeme ni wa nguzo tu. Mwanga nauita mmweko, sauti ngurumo, na tukio zima radi, hata ile inayoanzia na kuishia ndani ya wingu bila kumgusa mtu. Hizo za ndani ya wingu ndizo nyingi kuliko zinazofika ardhini.

Wiki ya 2

Kihisi kimekamilika ndani ya kopo la siagi, kimefungwa kwenye ukingo wa bati. Usiku wa kwanza kiliandika radi 61. Nikatoka nje kuangalia: nyota zimejaa, hakuna wingu hata la kufunika mwezi.

Nimetumia siku nne kumtafuta mchawi. Chipu hii inajaribu kugawa inachosikia katika mafungu matatu, yaani kelele za kudumu, usumbufu wa mara moja, na radi. Mpaka kati ya usumbufu na radi ndipo inapodanganyika. Radi saba kati ya saa moja na saa mbili jioni zilikuwa fundi wa kuchomelea mageti aliye nyumba ya tatu. Nyingine zilikuja kila bodaboda ya jirani ilipowashwa, nadhani plagi yake inavujisha cheche. Zilizobaki nyingi zilitoka kwenye chaja yangu mwenyewe, ile ya shilingi elfu tatu, iliyokuwa inakilisha kihisi. Nikaichomoa, nikaweka pawabenki, na radi zikapungua kutoka sitini hadi nne.

Kwa hiyo matokeo ya kwanza ya mradi ni kwamba Mabatini ina radi nyingi sana, na fundi mageti ndiye anayezipiga.

Nacheka, lakini hapa ndipo penye uzito. Kama ningeanza na vihisi viwili, kimoja mjini kimoja kijijini, nikavisahau mwezi mzima kisha nikachora grafu, grafu ingesema mji una radi mara kumi ya kijiji. Ingekuwa na rangi nzuri na ningeiamini.

Mama mwenye nyumba amepanda leo kuona kopo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Hicho ndicho kinachoita radi kwenye bati langu?"

Nikamweleza kwamba hakiiti, kinasikia tu, kama redio. Akakubali nusu. Nusu nyingine alisema sawa, lakini mwalimu anayepanda juu ya bati mawingu yakiwa meusi hahitaji kifaa cha kuiita. Hapo hakukosea. Kopo limehamia chini ya upenu wa paa, na sharti jipya la mradi ni kwamba ngurumo ikisikika hakuna anayegusa ngazi. Yeye mwenyewe akisikia ngurumo hufunika kioo cha kabati kwa kanga, na mpangaji mwenye nguo nyekundu huambiwa aingie ndani. Kioo sina la kusema. Kuingia ndani ni ushauri bora kuliko vyote.

Wiki ya 3

Mvua hakuna. Nimesoma.

Mji mdogo wa La Porte uko jimbo la Indiana, Marekani, takriban kilomita 48 mashariki ya viwanda vikubwa vya chuma vya eneo la Chicago. Mwaka 1968 mtaalamu wa hali ya hewa Stanley Changnon alichapisha hesabu za kushangaza: kati ya 1951 na 1965 La Porte ilikuwa na mvua zaidi kwa asilimia 31 kuliko vituo vya jirani, siku za ngurumo zaidi kwa asilimia 38, na siku za mvua ya mawe zaidi kwa asilimia 246. Alishuku moshi na joto la viwanda vilivyo upande unakotoka upepo. Wapinzani wake hawakuanza na mawingu, walianza na mtu. Kipimo cha La Porte kilikuwa chini ya mwangalizi mmoja wa kujitolea, wakauliza: je, kilichoongezeka ni mvua au ni bidii yake? Nimemkumbuka kijana wa bodaboda.

Kilichonifurahisha ni namna walivyojaribu kuumaliza ubishi. La Porte ilikuwa na tatizo la pili: Ziwa Michigan liko palepale, na ziwa nalo hutengeneza upepo na mawingu yake. Basi walipopanga utafiti mkubwa wa METROMEX, kuanzia 1971 hadi 1975, waliuhamishia St. Louis, mji ulio kwenye tambarare, mbali na ziwa kubwa na milima. Wakajaza eneo lile vipimo vya mvua, rada na ndege. Wakakuta kweli mvua za majira ya joto na ngurumo huongezeka, hasa juu ya mji na upande unakoelekea upepo baada ya kuupita. Athari ya mji si hadithi ya kubuni.

Yaani wenzetu walikimbia ziwa ili wauone mji. Mimi nimeanza kazi kwenye jiji lililokaa mdomoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, katikati ya vilima vya mawe.

Wiki ya 3, Ijumaa

Wanafunzi wa kidato cha tatu wameuliza mji unaligusaje wingu lililo kilomita kumi juu. Nilijibu vibaya darasani, nairudia hapa kwa utulivu.

Ndani ya wingu la radi, palipo na baridi ya nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, vitu vitatu huishi pamoja. Kuna vijitone vya maji ambavyo vimekataa kuganda, kuna fuwele ndogo za barafu, na kuna punje laini za barafu zinazonenepa kwa kugandisha vijitone hivyo. Fuwele na punje zikigongana huachiana chaji. Fuwele nyepesi hupeperushwa juu na chaji chanya, punje nzito hubaki chini na chaji hasi. Migongano ikizidi, na upepo wa kupanda ukiwa na nguvu ya kuwatenganisha hawa wawili, hewa iliyo katikati hushindwa kuvumilia. Hiyo ndiyo radi.

Mji unaweza kuongeza migongano hiyo kwa njia mbili, na kuivuruga kwa njia ya tatu. Kwanza joto: lami, saruji na kuta huhifadhi jua, hewa ya mjini hupanda, na ya pembeni huvutwa kuziba nafasi. Atlanta walipata bahati ya kuliona hilo waziwazi majira ya joto ya 1996, kwa sababu Olimpiki ilikuwa imewaletea vituo vingi vya hali ya hewa. Pepo zilionekana zikikutana juu ya mji na dhoruba zikizaliwa hapo. Pili moshi: kila chembe ya moshi hualika mvuke, na chembe zikiwa nyingi maji yale yale hugawanyika kuwa vijitone vingi vidogo. Vidogo havishuki upesi kama mvua. Hupandishwa hadi kwenye baridi, vikawa chakula cha barafu. Ya tatu ni kuta zenyewe. New York imeonekana kwamba dhoruba dhaifu ikifika mjini hupasuka ikapita pembeni, kama maji yanavyopita jiwe.

Swali zuri lilitoka kwa binti wa benchi la nyuma: "Mwalimu, sisi mawe tunayo tangu zamani. Joto la mji litajulikanaje?"

Wiki ya 4

Swali lake limeniharibia wiki, kwa wema. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari "bati = joto la mji". Usiku, saa nne, nimepima vyote viwili nyuma ya nyumba: bati nyuzi 21, jiwe nyuzi 29. Bati huwaka mchana hadi hushikiki, lakini jua likizama hutoa joto lake lote angani ndani ya saa moja au mbili. Jiwe la Mwanza ni la kuweka akiba. Na jiwe lilikuwepo kabla ya mpangaji wa kwanza, kabla hata ya jina la mji.

Maana yake ni kwamba siwezi kulinganisha Mwanza na uwanda wowote wa pamba nikaita tofauti ile "athari ya mji". Kijiji cha kulinganisha kinatakiwa kiwe na ziwa na mawe kama sisi, kikose watu tu.

Wiki ya 5

Nimevuka na kivuko hadi Kamanga kumpelekea kaka wa rafiki yangu kihisi cha pili. Kuna mzee pale aliyevua dagaa miaka mingi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa hiyo huyu bwana amekaa katikati ya ziwa usiku mwingi kuliko mtaalamu yeyote ninayemjua. Nilimuuliza radi huanza saa ngapi.

"Inategemea umekaa wapi, mwalimu. Ukiwa nyumbani, alasiri. Ukiwa majini, alfajiri."

Amesema kwa maneno kumi kile ambacho satelaiti zimethibitisha. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo wa ziwa huingia nchi kavu, na mawingu husimama bara. Usiku kinyume chake: ardhi hupoa, upepo wa nchi kavu hutoka pande zote kuelekea majini, hukutana katikati ya Victoria, na ziwa ambalo bado lina joto huwaka hadi karibu na asubuhi. Hiki ndicho kinachoua wavuvi, kwa sababu huwakuta mbali na ufuko na gizani.

Akaongeza jambo sikulitegemea. Usiku huona mimweko upande wa Ukerewe bila kusikia chochote, nusu usiku nzima. Mwanga huonekana kutoka mbali sana, ngurumo haivuki kilomita 15 au 20. (Kwa anayetaka kupima mwenyewe: hesabu sekunde kuanzia mmweko hadi ngurumo, gawa kwa tatu, hizo ndizo kilomita.)

Sasa fikiria maana yake kwenye kumbukumbu za zamani. Vituo vya hali ya hewa vilihesabu "siku ya ngurumo": siku ambayo mwangalizi amesikia ngurumo walau moja. Kampala hutajwa mara nyingi kwa siku takriban 242 kwa mwaka, na kila mtu huinukuu kama idadi ya radi. Si idadi ya radi. Ni idadi ya siku ambazo sikio moja lilisikia, iwe radi moja au elfu. Na sikio hilo likizungukwa na malori, spika za baa na jenereta, ngurumo ya kilomita 15 itapita bila kuandikwa. Kwa kumbukumbu za namna hiyo jiji linaweza kukua, radi zikaongezeka, na daftari likaonyesha zimepungua!

Hapo mzee wa kijiweni na kijana wa bodaboda wote wamekosea kwa pamoja. Mji huongeza wasimulizi na hupunguza wasikiaji, kutegemea unamuuliza nani.

Wiki ya 6

Kihisi cha tatu kimefungwa Kisesa, kwa dada, upande wa barabara ya Musoma. Sasa kuna Kamanga ng'ambo ya ghuba, Mabatini katikati, Kisesa mashariki. Kila kimoja kinatoa umbali tu, lakini vitatu kwa pamoja vinaanza kusema upande. Saa za vihisi zimepishana dakika mbili. Nimezirekebisha kwa kupiga simu na kuhesabu "moja, mbili, tatu, bonyeza".

Wiki ya 7

Hatimaye mvua ya kweli. Naiandika ilivyokuwa.

Saa sita mchana hewa imesimama, fukuto la kukufanya uchukie shati. Saa nane upepo wa ziwa ukaingia, ule unaogeuza majani ya mwembe. Saa tisa na nusu mnara mweupe ulisimama nyuma ya Igoma, juu yake pakitandazwa kama kichwa cha nyundo. Kisesa kikaandika kilomita 10, kisha 5, kisha "juu yako". Mabatini kilikuwa kinasema 20. Kamanga kilisema 34, halafu kikanyamaza. Kwa saa moja na robo dhoruba ilipiga mashariki ya jiji, na hapa Mabatini tulipata matone ya kulowesha vumbi.

Ukiwa umesoma vitabu vya St. Louis na Atlanta, moyo unaruka. Dhoruba imezaliwa upande wa pili wa mji, palepale panapotakiwa! Nilianza kuandika barua kwa mwalimu mwenzangu wa fizikia.

Nikaifuta. Upepo wa ziwa ungefanya hivyohivyo hata kama pangekuwa hakuna nyumba hata moja. Huingia bara, hukutana na upepo unaotoka mashariki, na mahali wanapogombana ndipo wingu husimama. Houston, mji mwingine wa Marekani, ina mtego huo huo: Richard Orville na wenzake walikusanya radi za miaka 12, 1989 hadi 2000, wakaona juu ya mji na pembezoni mwake zimezidi kwa takriban asilimia 45 majira ya joto. Lakini Houston ina ghuba na upepo wa bahari mlangoni, na viwanda vya mafuta. Walitaja joto la mji na moshi kuwa watuhumiwa, na kuwatenganisha kumeendelea kuwa kazi ya wengine miaka yote tangu hapo. Walikuwa na mtandao wa taifa zima. Mimi nina makopo matatu ya siagi.

Wiki ya 8

Kuhusu moshi, jaribio zuri kuliko yote halikufanyika mjini, lilifanyika baharini bila mtu kulipanga. Mwaka 2017 Joel Thornton na wenzake walionyesha kwamba juu ya njia kuu za meli za Bahari ya Hindi na Bahari ya Kusini ya China radi ni karibu mara mbili ya zile za maji ya jirani. Baharini hakuna ghorofa wala lami. Upepo ule ule, maji yale yale. Tofauti ni moshi wa meli. Kisha tarehe 1 Januari 2020 sheria ya kimataifa ikashusha salfa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na radi kwenye njia zile karibu na Singapore zikapungua kwa karibu nusu. Unapunguza moshi, radi inapungua. Ushahidi safi kama huo hauji kila siku.

Je, naweza kuhamishia hapa? Marekani kusini mashariki walijaribu kwa kalenda: wingu halijui Jumatano ni nini, kwa hiyo radi zikizidi katikati ya wiki na kupungua wikendi, mkono wa binadamu umo ndani. Na walikuta mzunguko huo. Mwanza sitathubutu. Moshi wetu mwingi ni wa mkaa, kuni na taka zinazochomwa, na hakuna anayeacha kupika Jumapili. Zaidi ya hapo, hesabu ya kwamba mjini kuchafu na shamba safi haitusimamii. Kiangazi kikiisha, kabla ya mvua za vuli, mashamba na mapori huchomwa, na moshi wa shamba unaweza kuuzidi wa mjini. Ukija na fomula ya Atlanta ukaibandika Usukumani, utapata jibu, litakuwa jibu la Atlanta.

Wiki ya 9

Nimehamia satelaiti, na nimejilaumu kwa kutoanza nayo. Zamani macho ya angani yalipita tu: chombo cha radi kwenye satelaiti ya TRMM, kilichofanya kazi 1997 hadi 2015, kiliona mahali kwa sekunde kama 90 kila kilipopita. Kwa kujumlisha miaka mingi ndipo ikapatikana orodha ya dunia, Ziwa Maracaibo la Venezuela likiongoza kwa mimweko takriban 233 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, na Kabare, Kivu, ikifuata kwa takriban 205. Jirani zetu kabisa. Lakini satelaiti ya Meteosat ya kizazi cha tatu, iliyorushwa tarehe 13 Desemba 2022, imekaa juu ya ikweta ikiitazama Afrika bila kupepesa, picha 1,000 kila sekunde. Haijali bodaboda, haijali fundi mageti. Haisikii kelele za redio kabisa, inaona mwanga unaotoboa juu ya wingu.

Udhaifu wake ni kwamba kisanduku kimoja cha picha ni kilomita kama 5 kwa upande, na Mwanza yote iliyojengwa inaingia kwenye visanduku vichache. Mtaa kwa mtaa sahau.

Nikamrudia binti wa benchi la nyuma. Nimechora mstatili wa Mwanza, kisha mwingine ukubwa ule ule kwenye ufuko wa Ghuba ya Speke, upande wa Magu: ziwa lipo, mawe yapo, umbali kutoka majini ni ule ule, jiji halipo. Yeye na wenzake wawili wanahesabu mimweko kila alasiri baada ya vipindi, saa nane hadi saa mbili usiku, na nyingine ya usiku wa manane kwa ajili ya ziwa.

Wiki ya 10

Mstatili wa Mwanza umezidi wa Magu. Darasa limeshangilia.

Nikawaambia waondoe siku moja, ile ya dhoruba kubwa ya wiki ya saba. Magu ikaongoza. Zaidi ya nusu ya mimweko yetu yote ilitoka kwenye alasiri hiyo moja. Wamenuna, na mmoja akasema si haki kuondoa siku yetu nzuri. Nimewaachia ubishi uendelee, ni somo zuri kuliko nililoandaa. Wenzetu wa Houston walihitaji miaka 12. Sisi tuna wiki kumi na tunataka kuwatangazia watu kijiweni.

Jambo moja limesimama bila kuyumba hata ukiondoa siku yoyote: mzee wa Kamanga na saa zake. Ziwa usiku, bara alasiri. Kama jiji lina sauti kwenye jambo hili, linanong'ona ndani ya chumba ambacho ziwa linapiga kelele.

Wiki ya 11

Dhoruba nyingine, safari hii juu yetu kabisa. Mama mwenye nyumba amefunika kioo, umeme ukakatika saa kumi na moja, na ngurumo zikagonga mawe ya Mabatini zikarudi mara mbili mbili. Nilikaa ndani kwa raha, nikijua kopo linaandika.

Usiku nikafungua kadi za kumbukumbu za vihisi. Kisesa: radi kibao. Kamanga: nyingi. Mabatini: sifuri. Si chache, sifuri, kuanzia saa kumi na moja na dakika nane hadi saa mbili usiku, kwenye dhoruba kubwa kuliko zote za mradi.

Nilianza kutukana chipu, kisha nikapanda na tochi. Kopo lipo, waya unaning'inia. Pawabenki haipo. Nimeikuta chumba cha mbele, imechomekwa simu mbili na taa ndogo. Mjukuu wa mama mwenye nyumba alieleza kwa heshima zote: umeme ulikatika, kaka mwalimu, na ile pawabenki ilikuwa imejaa.

Nikarudi kwenye daftari la wiki zilizopita. Mara tatu nyingine kihisi cha Mabatini kimekatika ghafla, na mara zote tatu Kisesa kilikuwa kinaandika radi. Nilikuwa nimeweka alama "mjini kumetulia". Radi inakata umeme, giza linachukua pawabenki, na kihisi kinalala hasa pale radi zinapokuwa nyingi. Kisesa haliwapati kwa sababu dada ana sola yake. Yaani wiki ya pili mji ulinitengenezea radi zisizokuwepo, na wiki ya kumi na moja umenifutia zilizokuwepo.

Nimeandika upya safu nzima: siku nne za Mabatini hazina data, na "sifuri" imebaki kwa siku ambazo kadi inaonyesha betri ilikuwa hai. Nimenunua pawabenki ya pili, ya rangi ya waridi, nikaikabidhi chumba cha mbele. Kesho asubuhi navuka tena kwenda Kamanga kuona kama kule nako kuna mtu anachajia tochi ya dagaa.